Kijiko Ambacho Hakijarudi

Kabla hujamwona ulimsikia. Huku kwetu Rungwe ukungu unaweza kulalia migomba mpaka saa nne asubuhi, na mtu aliye hatua kumi mbele yako usimwone. Lakini yeye alisikika: mlio mwembamba, wa haraka, kama matone yanayodondokea ndani ya kopo tupu. Mwanamke mwenye uchungu akiusikia aliacha kupiga kelele. Mume aliyekuwa akizunguka nyumba alipata nguvu ya kukaa. "Vijiko hivyo," watu walisema, na maana yake ni kwamba Mkunga amefika.

Vijiko lilikuwa jina la pambo lake la kifuani. Lilikuwa la fedha, nasemea madini, lenye pini nyuma, na alilibandika upande wa kushoto wa gauni lake jeupe la kazi. Duara lake lilikuwa pana kama kisahani cha kikombe cha chai, limesukwa kwa nyuzi nyembamba za fedha zilizojikunjakunja kama nyumba za konokono. Kuzunguka ukingo vilining'inia visahani vidogo vilivyobonyea katikati, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Havikuwa na mpini wala havikuchota kitu, ila watoto waliviita vijiko na jina likashika. Vilipaswa kuwa kumi na vitatu. Mimi maisha yangu yote sijaviona kuzidi kumi na viwili, na pengo moja upande wa chini halikuzibwa kamwe. Pengo lile ni langu.

Ndiyo maana naandika. Nimejaribu kuishi mbali na pengo hilo: Tunduma, Chunya, Kyela, Makambako. Nimechuma chai, nimepakia parachichi kwenye malori, nimechaji simu za watu kwa betri ya gari. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali na kuondoka kabla majibu hayajanichosha. Swali moja tu ndilo lililonirudisha Tukuyu kila mara, nalo si mimi niliyeliuliza. Aliliuliza Mkunga.

Mikono yake ilikuwa baridi kuliko ya watu wengine, na aliijua. Kabla ya kumgusa mzazi aliificha kwapani, akasimama hivyo kando ya kitanda kama kuku anayenyeshewa, huku mdomo ukifanya kazi.

"Unalia nini?"

"Inauma, Mama."

"Kulia ni kazi na kuzaa ni kazi. Huwezi kufanya zote mbili leo. Chagua moja."

Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia "ndaga fijo, Mama", yaani asante sana, alikukata: "Ndaga ya nini? Umesukuma wewe, mimi nimedaka." Lakini ukimpelekea mkungu wa ndizi uliokatwa kabla ya kukomaa aliurudisha mwenyewe, ameubeba kichwani, mchana, ili majirani wauone. Maziwa mgando aliyanywa amesimama. Kiti hakukikubali kabla mtoto hajalia. Na mwanamke huyu aliyevuka mito ya Suma kwenye masika, maji yamemfika kiunoni, mfuko wa vifaa juu ya kichwa, aliogopa chura. Akimkuta njiani alisimama palepale na kuita mpaka mtu yeyote aje amwondoe. Mimi mwenyewe nimewahi kumwondolea wawili, na mmoja alikuwa jani.

Waliomtania walijuta. Kuna mwanamume mmoja wa Mpuguso, mkewe yuko ndani anajifungua, yeye nje amekunywa, alimwambia, "Mama, leo umeleta duka zima kifuani?"

"Nimeleta. Na wewe umeleta nini hapa, zaidi ya harufu?"

Kuhusu pambo lenyewe alikuwa mwongo. Sisemi kwa ubaya. Akina mama wa kanisani aliwaambia alizawadiwa kwa sababu ya utumishi mwema. Mkubwa mmoja wa wilaya aliambiwa limenunuliwa Nairobi. Sisi tulipokuwa watoto alituambia alilikuta tumboni mwa samaki wa ziwa Kisiba, na mimi nilikwenda Kisiba kwa miguu, nikakaa ukingoni siku nzima nikiwatazama samaki. Ukweli niliambiwa baadaye sana na binti yake, na ukweli ni huu.

Zamani zahanati ya misheni ilikuwa na muuguzi kutoka Norwei. Alikuwa mrefu, mwenye mashavu mekundu, na Kiswahili alikikata kipande kipande kama sabuni ya mche. Watu walimwita Sista. Siku moja kila mwaka, mwezi wa tano, sikukuu ya nchi yao, Sista alitoka chumbani amevaa nguo za bonde lao la huko: sketi nzito ya sufu nyeusi, kizibao chekundu kilichotariziwa maua, blauzi nyeupe, na fedha kila mahali. Pini ndogo kwenye kola. Vifungo vya fedha kwenye mikono ya blauzi. Na kifuani lile pambo kubwa. Alishika kibendera akaizunguka zahanati mara tatu, peke yake, kwenye matope, anaimba, na wagonjwa wakampigia makofi madirishani. Mkunga alipenda kuigiza mwendo huo, magoti juu, shingo imenyooka. Alisema popote pengine katika nchi hii Sista angezimia kwa joto, lakini Tukuyu mwezi wa tano sufu ile ilimfaa kuliko kanga zetu zilivyotufaa sisi.

Wakati huo Mkunga alikuwa msichana wa kazi za wodini, ameolewa, na mimba ya miezi saba. Alimuuliza Sista vile vinavyolia ni vya nini.

Sista akamweleza. Wazee wa bonde lao, alisema, waliamini kuna watu wanaoishi chini ya milima. Watu hao wanawatamani watoto wa juu. Mtoto mchanga akiachwa bila fedha mwilini, wanamchukua na kuweka wa kwao mahali pake, na huyo wa kwao anafanana na wako kila kitu, ila hakui vizuri, hatembei. Kwa hiyo akina mama walibandika pambo kwenye blanketi. Wale wa chini wakikaribia wanajiona sura zao kwenye visahani vinavyong'aa, wanatishika, wanarudi. Sista alisimulia akicheka. Huyu ni mwanamke aliyechemsha mikasi kwa saa mkononi.

Mkunga hakucheka. Alitazama nje ya dirisha, na nje ya dirisha ulikuwepo mlima.

Mtoto alikuja kwa shida. Sista ndiye aliyempokea, kitovu kimezunguka shingo, na kilio kilichelewa mpaka watu wakaanza kutazamana. Jioni ile ile Sista alilitoa lile pambo, la bibi yake mzaa mama, kwenye sanduku lake, akalibandika kwenye blanketi la mtoto. Labda alitaka tu kumtuliza mzazi. Mwaka ukapita, ikaja nusu ya mwingine, mtoto anacheka, anasema, anawatukana kuku, lakini miguu haimbebi. Muda wa Sista ukaisha. Siku ya kuondoka, gari linanguruma nje, alinyoosha mkono achukue pambo lake, na Mkunga akamtazama tu. Sista akaurudisha mkono.

"Basi likae na mtoto," akasema. "Akitembea, nitumie kwa posta."

Barua zilikuja miaka kadhaa. Ameshatembea? Na Mkunga alijibu kila barua kwa sentensi moja: Bado kidogo. Kisha barua zikakoma, na pambo likabaki kwenye sharti lake. Halikuwa zawadi, halikuwa mali ya wizi. Lilikuwa linasubiri.

Nikiwa mdogo nilidhani Mkunga anawapenda watoto wote. Sasa najua alimpenda mmoja, na wengine wote aliwatumia kwa ajili ya huyo, na akiwatumia aliwaokoa. Kwani mwaka ule barua zilipokoma alianza kugawa vijiko. Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, au amelegea, au amechelewa kulia, Mkunga alichomoa kijiko kimoja kwenye pambo, akakishonea kwa uzi mwekundu mbele ya kofia ya mtoto. Sharti lilikuwa lile lile. Akitembea, kirudi.

Kukirudisha hakukuachia. Alikuja mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu kule Mpuguso, nilipokuwa nachuma chai na kupanga chumba kwa watu waliokuwa na mtoto wa namna hiyo. Alifika bila kuitwa, akapiga magoti kwenye vumbi la uani, akanyoosha ile mikono yake baridi. Mtoto akaachia mguu wa kiti. Hatua moja, akayumba. Ya pili. Ya tatu akamwangukia kifuani. Mama wa mtoto akapiga vigelegele. Mkunga alikuwa tayari anakata uzi kwa meno. Mama alipojaribu kuomba kijiko kikae siku mbili tatu zaidi, Mkunga aliingia ndani akageuza magodoro akidhani wamekificha kingine. Alikuwa mkali kiasi hicho. Akakipulizia, akakitundika mahali pake, akaondoka bila kunywa maziwa.

Nilikuwa naelekea mjini, nikamfuata. Alikwenda mbio. Njiani aliniambia bila kugeuka, "Kinakuwa kizito, unajua? Kikirudi kinakuwa kizito kidogo. Kimebeba."

"Kimebeba nini, Mama?"

"Kutembea."

Akifika kwake alilibandika pambo kwenye kifua cha binti yake. Alikaa kizingitini akaitazama miguu ya binti mpaka giza likaifuta. Kesho yake asubuhi alilibandua akaenda kazini. Hesabu yake ilikuwa kwamba vikirudi vyote, kumi na vitatu, vyote vimetembea, basi.

Mzee wa kanisa aliwahi kumwita amwonye kuhusu hirizi za kizungu. Alimjibu, "Mzee, tai yako inamzuia nani?" Lakini usinione nakupotosha: Jumapili alikuwa wa kwanza kwenye benchi, na aliwafukuza waganga langoni kwa mwiko. Nilimuuliza mara moja kama anawaamini wale watu wa chini ya mlima. "Siwaamini hata kidogo," akasema. Kisha akanigeukia: "Lakini nisipofanya hiki, nifanye nini? Niambie wewe uliyetembea sana. Nifanye nini kingine?"

Alishampeleka binti kwenye hospitali zote anazozijua na mbili asizozijua, na kila mahali walimpa maneno ya pole na mafuta ya kuchulia.

Kila Jumamosi alilisugua pambo kwa majivu ya maganda ya ndizi. Sista alikuwa amemwonya: visahani vile vimepakwa maji ya dhahabu, futa kwa kitambaa laini tu. Hakusikia. Alisugua miaka na miaka kama anayesugua sufuria la msiba, mpaka dhahabu yote ikatoka, vikawa vyeupe.

"Mama, dhahabu imekwisha," nilimwambia.

"Haijaisha. Imewaingia watoto."

Binti yake sasa ni mtu mzima kunizidi mimi. Anakaa kwenye kitanda kifupi kando ya dirisha linalotazama barabara ya kushukia Kyela, na anafuma kofia za vichanga. Kofia zote za Mkunga zilitoka mikononi mwake, na ule uzi mwekundu alikuwa akiutunga kwenye sindano yeye. Usimwonee huruma, atakuumbua.

"Mtembezi umekuja," ananiambia kila nikichungulia. "Safari hii umemkimbia nani, tajiri au mwanamke?"

"Nimekuja kukusalimia, Dada."

"Salimia basi. Mimi sijambo. Miguu bado imelala, isalimie polepole."

Ni yeye aliyewahi kusema jambo ambalo sijalisikia likisemwa na mtu mwingine. Tulikuwa wawili, mvua inapiga bati. Alikuwa amemaliza kunisimulia habari za Sista na wale wa chini ya mlima. Akakata uzi, akasema, "Anayebadilishwa hatembei. Sasa huwa najiuliza, Mtembezi. Huenda huyo wa juu walimchukua kweli kabla pambo halijafika. Huenda miaka yote hii Mama anamsubiri yule mwingine."

Alisema akitabasamu. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Sasa la kwangu.

Nilizaliwa miezi saba, nikatoshea kwenye sanduku la viatu, na Mkunga akanishonea kijiko. Nilitembea nina miezi kumi. Mama yangu alipoulizwa alisema kijiko kilimponyoka mtoni akifua. Haikuwa kweli. Aliogopa tu, mtoto mdogo hivyo, alinitazama nikitembea akaona naweza kuacha. Nilikikuta kwenye kopo lake la vifungo siku tulipotoka kumzika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, peku, na hamu ya kuona mji. Nilikijua ni nini. Kila mtoto wa Tukuyu angekijua. Nilikipeleka Mbeya kwa fundi wa hereni, na kwa kuwa sikujua thamani yake, nikaomba jozi ya buti zilizokuwa chini ya meza yake. Akacheka akanipa. Kabla sijamaliza kufunga kamba kijiko kilikuwa kimeshayeyuka mbele yangu, tone moja jeupe, linazungukazunguka.

Buti hizo zilinifikisha Tunduma na mbele zaidi.

Na kila niliporudi Mkunga aliniuliza, "Mama yako alikiweka wapi?"

"Nitakitafuta, Mama."

"Haya."

Basi. Haya, na anaondoka. Ilinichukua miaka kuona ajabu yake. Huyu aliyegeuza magodoro ya watu Mpuguso hakuwahi kuingia kwetu. Alipokuwa akimuuliza mama yangu alisimama mlangoni, na jibu likitoka tu, ameshageuka. Nilidhani ananionea huruma, mimi yatima. Nikazidi kuumia.

Masika yaliyopita nilikuwa Makambako simu ikalia. Binti.

"Rudi. Leta hicho kijiko."

"Dada, sina. Nilishakwambia kilivyokwenda."

"Najua huna, sina kichaa. Tafuta kinachofanana."

Akanieleza. Mkunga alikuwa ameanguka, nyonga haishiki tena. Macho yamefunikwa na utando. Uzazi ulishahamia hospitali, hakuna tena wa kumgawia, na vijiko vyote kumi na viwili vilisharudi. Sasa amelala, pambo limebandikwa kwenye blanketi lake mwenyewe, chakula anakataa, na kila asubuhi anauliza swali moja. Umeamkaje? Hamaanishi afya.

"Nimechoka kusubiriwa," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, bila utani, na hilo lilinitisha. "Wewe hujui. Unaamka, mtu anakutazama miguu kabla hajakutazama uso. Kila siku ya Mungu. Mwache avishike vyote kumi na vitatu, avibandike, ajue sijasimama, alie. Alie siku mbili. Halafu nitakuwa na mama hata kama ni wiki moja. Ananifia, Mtembezi. Ananifia akiwa bado ananisubiri."

Nilitafuta kwenye simu. Nikawaona wanawake wa Norwei katika nguo zao, mamia, na kila bonde lina nguo yake na fedha yake, hata mtu akivaa wanamjua katoka wapi. Niliwatazama vifua, Mungu anisamehe, usiku na mchana, mpaka nikalipata pambo kama lake. Vijiko vyake vilikuwa bado vina dhahabu. Nilikuza picha, nikachora kijiko kimoja kwenye karatasi kwa kipimo cha ukucha wangu. Suma nilimkuta mzee mwenye sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, aliyoichimbua kwa jembe. Nilimpa koti langu. Nikaipeleka kwa fundi wa saa wa pale sokoni Tukuyu, mzee wa Kiislamu ambaye hutengeneza pia hereni na pete.

Aliitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa amezaliwa mji ule.

"Unataka kumdanganya nani?"

"Mkunga."

Akavua miwani, akaifuta. "Watoto wangu wanne," akasema. Akavaa miwani. "Basi nikifanye vizuri."

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, niliingia kwao. Mvua ilikuwa nzito, bati linanguruma. Binti alikuwa dirishani pake, amesukwa nywele, amevaa gauni ambalo sijapata kuliona. Hakunitania. Mkunga alikuwa kitandani upande wa pili, mdogo, kichwa tu na mikono, na pambo kwenye blanketi linapanda na kushuka kwa shida.

Nilichuchumaa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi."

"Aa. Wa miezi saba." Ndivyo alivyoniita siku zote. Akanipapasa bega. "Umenyeshewa. Koti lako?"

"Mama, nimekileta."

Nilisubiri furaha, au machozi, au hata kofi. Uso wake ulifanya kitu kingine. Nimeona watu wengi wakiogopa, mgodini na barabarani, na nilikuwa nimemwona yeye mbele ya chura. Hii haikuwa ya chura.

"Kilete," akasema mwishowe.

Nilikiweka kwenye kiganja chake. Kiganja kilikuwa baridi. Binti akasema kutoka dirishani, kwa haraka, "Kitundike, Mtembezi. Kuna kipete kitupu upande wa chini, kitundike." Nikakitundika. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuliona lile pengo.

"Mama," binti akasema, "vimetimia. Kumi na vitatu. Hesabu kwa kidole. Sasa mwambie Mtembezi anibandike."

Mkunga aliliziba pambo kwa mikono yote miwili.

"Bado."

"Mama, vimetimia."

"Nimesema bado!" Sauti ile ya wodini, nzima kabisa, kutoka kwenye kifua kile kilichoisha. Kisha akanigeuzia macho yake meupe. "Nani alikuambia ukilete? Mimi nilikuambia ukilete? Nilikuuliza kilipo. Nilikuuliza tu."

Hapo ndipo nilipouona ule mlango wa nyumbani kwetu, na yeye amesimama nje yake, akigeuka upesi kabla mtu hajasema kingine. Nilidhani mimi ndiye niliyemnyima. Na kumbe miaka yote hiyo pengo langu ndilo lililomwamsha asubuhi: maadamu lipo, bado kidogo.

Nikamwambia yote, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kopo la vifungo. Mbeya. Tone jeupe. "Hiki si chenyewe, Mama. Chenyewe nilikibadilisha kwa viatu."

Mikono yake ikalegea. Alivuta pumzi, ndefu, kama mzazi kichwa kikishatoka.

"Viatu," akasema. "Ulivivaa?"

"Mpaka vikaisha."

"Vilikufikisha mbali?"

"Mbali sana, Mama."

"Basi bado kinatembea."

Kidole chake kikaenda moja kwa moja upande wa chini wa pambo, kikakigonga kile kipya kwa ukucha, akasikiliza. Kililia vizuri. Fundi hakunidanganya. Lakini alikichomoa taratibu, akanitafuta mkono, akakiweka ndani na kunikunja vidole.

"Hiki kimetoka mezani juzi. Hakijaenda popote. Chukua." Akanibana. "Kikitembea, kirudi."

Nilimgeukia binti. Nilitaka aseme, maana yeye ndiye aliyenileta, yeye ndiye aliyechoka, na ilimbidi sasa hivi amwambie mama yake lile aliloniambia kwenye simu. Alikuwa anamtazama Mkunga. Mkunga alikuwa ameshajigeuza upande wa dirisha na kuuliza kama kuna uji umebaki.

"Upo, Mama," binti akasema.

Ndipo nilipomtazama binti miguuni. Chini ya lile gauni jipya alikuwa amevaa viatu. Vyeusi, vya kufunga kwa bizimu, soli zake nyeupe kabisa, hazijawahi kugusa chini. Aliona nimeona. Hakuona haya. Aliinama, akaanza kukifungua kimoja, na bizimu ilikuwa ngumu, ikamsumbua.

Nilifika mlangoni, kijiko bado kiganjani.

"Mtembezi."

"Naam, Dada."

Hakuinua kichwa. "Usiharakishe."